Mrithi Hurithi na Wageni

Kitabu cha kwanza Redempta alikinunua kwa beberu. Beberu mzima, mwenye ndevu na kiburi, aliyetakiwa kuuzwa ili nyumba ipate sukari na Alois apate sweta la kukabili baridi ya Juni. Asubuhi Redempta aliondoka nyumbani, mtaa wa Malangali, na beberu kwenye kamba. Jioni alirudi na kamba mkononi, na kichwani mzigo mzito umefungwa kwenye kanga.

Alois, mumewe, akaufungua mzigo huku akitarajia sweta. Akakuta kitabu kikubwa kama mlango wa kabati, jalada lake la ngozi ya rangi ya damu ya mzee, kona zimevishwa shaba, na juu maandishi ya dhahabu. Akakinusa.

"Hii ngozi ya nini?"

"Ya mbuzi. Padri mwenyewe kasema. Anarudi kwao Ulaya, anauza vitu vyake."

"Yaani umetoa mbuzi mzima, ukapewa mbuzi aliyekufa zamani, na supu hakuna."

"Supu ungeikojoa kesho," Redempta akamjibu. "Huyu hafi tena."

Kitabu kilikuwa cha mji wa Parisi. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, nao Kifaransa walikuwa hawakijui hata cha kuombea maji. Lakini picha! Kila picha ilichorwa kwa mistari myembamba kama nywele za mtoto, ikafunikwa karatasi laini kama gamba la kitunguu, ukiipuliza inainuka yenyewe. Redempta alikuwa ameifunua moja tu pale kwa padri: mtaa uliotoka kunyeshewa, na wanawake wanapita na vikapu vyao. Hakuvutiwa na majumba. Kilichomshika ni ule mwendo wao. Walikuwa wakitembea kama watu wasioulizwa na yeyote wanatoka wapi. Yeye, tangu azaliwe Mpui mpaka aolewe mjini Sumbawanga, hajawahi kuvuka barabara bila kuulizwa. Ndiyo maana beberu alibaki misheni.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Duka la ushirika, lililokuwa halina kitu ila chumvi na picha ukutani, lilifunga milango. Mitumba ikamwagika sokoni. Kila mtu akawa anauza kitu, na asiye na kitu akawa anauza cha jirani. Redempta aliuza maharage. Alijaza magunia akayafuata mpaka Matai, na kutoka Matai akashuka Kasanga ziwani, ambako Wakongomani walivuka na vitenge vyao. Wenzake walirudi na vitenge. Yeye alirudi na kitabu cha Bruseli, ngozi ya kijani, kinanuka migebuka, samaki wa ziwani. London aliipata kwa bibi mmoja upande wa Zambia, aliyeachiwa na mlowezi aliyekuwa akimfulia. Lisboni alikikuta kimeegemeza kitanda chenye mguu uliooza, akamwachia mwenye kitanda matofali mawili na debe la maharage, na yule mtu mpaka leo anaamini alimpunja Redempta.

Viena ndiyo iliyomtoa jasho. Aliikuta kwa mzee mmoja huko Mpui, amekwisha kukata jalada lote la nyuma akatengenezea viatu. Redempta alimtazama yule mzee miguuni, akatamani kulia: mji mzima wa wafalme umebaki makubazi. Akakichukua hivyohivyo, akapita nacho kwa Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kaskazini, mtu mrefu mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuitia mifugo ng'ambo ya bonde. Alikigeuzageuza kitabu, akaingia ndani, akatoka na ngozi ya ndama, nyeupe yenye madoa meusi, manyoya yake yote juu.

"Mayu," akasema, maana ndivyo alivyomwita, mama, "kitabu hiki kimechunwa mgongo. Tukivishe."

Wakakivisha. Dunia nzima, popote zilipo Viena zilizobaki, hakuna nyingine yenye mgongo wa ndama wa Kisukuma.

Na hapo ndipo Jumapili zilipoanza. Masanja alikuja Malangali baada ya misa kuangalia ndama wake anaendeleaje. Akakaribishwa chai. Akasema, "Si mfungue tuone?" Alois, aliyekuwa amenuna tangu siku ya beberu, akaona asikose neno mbele ya mgeni; akavuta kiti chake chenye mikono, akaweka kitabu mapajani, akafunua ukurasa mmoja. Wakautazama mpaka chai ikapoa. Masanja alipoomba wa pili, Alois akafunga kitabu kwa heshima kama anayefunga tabernakulo.

"Mji hauliwi wote siku moja," akasema. "Njoo Jumapili."

Jumapili Masanja akaja na nduguze. Iliyofuata akaja Hellena, jirani wa nyumba ya tatu, mshona nguo, na kigoda chake mwenyewe. Baadaye wakaja watu ambao hata Alois hakuwajua majina. Wakagundua kwamba mchoraji wa Viena alikuwa mtu wa mizaha: katika kila picha, hata ya kanisa kuu, amemficha mbwa mdogo mmoja, masikio yamelala. Alois akatunga sheria kwamba mwenyeji hageuzi ukurasa kabla hajaonyesha mbwa. Watu walibishana, walicheka, waliwapa wenyeji wa Viena majina na kuwatetea kama shemeji zao. Alois akanenepa kwa heshima. Mjini wakamwita Bwana Viena.

Na Redempta? Redempta alikuwa jikoni. Chai ya watu wote wale haichemki kwa sala. Aliingia na sinia, akatoka na sinia, na Ulaya aliiona kwa mgongo wa watu, kati ya sikio la Masanja na kilemba cha Hellena. Yeye alimtafuta mbwa Jumatatu, peke yake, akivipangusa vitabu vumbi.

Kisha Julai moja baridi ikaingia kifuani kwa Alois na haikutoka. Alizikwa siku ya upepo mkali. Viena ilibaki mezani, utepe wake mwekundu umelala kwenye picha ya daraja.

*

Kikao cha ukoo kilifanyika kabla majani ya kaburi hayajakauka vizuri. Mwenye haraka alikuwa Theodory, mdogo wake Alois. Theodory zamani alikuwa karani wa ushirika, ushirika ukafa yeye akanona. Sasa alikuwa na mashine ya kusaga na pikapu iliyoandikwa nyuma *Wivu Hauna Tiba*. Alikaa karibu na Mzee Rafaeli, baba yao mkubwa, mkuu wa ukoo, aliyekuwa amejifunika blanketi na kushika fimbo.

"Shamba shemeji atabaki nalo, alime," Theodory akasema kwa ukarimu, maana shamba lilikuwa la mawe. "Nyumba atabaki nayo. Vitabu vya kaka nitavichukua mimi, mrithi."

"Vitabu vya nani?" Redempta akauliza.

"Vya kaka. Mji mzima unajua. Nani hapa hajamwona kaka akivifungua?"

"Kuvifungua! Kumbe anayefungua mlango wa kanisa ndiye mwenye kanisa? Basi katekista wetu ni tajiri, na hatuambii."

Watu wakacheka, hata waliokuja kwa upande wa Theodory. Masanja, aliyesimama mlangoni kwa kuwa si wa ukoo, akapaza sauti: "Vitabu ni vya Mayu! Mimi niliona akivileta kwa kichwa chake!"

"Huyu Msukuma ana ng'ombe hapa?" Theodory akauliza. "Hana. Basi asilie."

Wake wa ukoo walikaa nyuma kwenye mkeka. Kristiana, mke wa Theodory, alikuwa miongoni mwao, anavuta nyuzi za mkeka kwa kidole. Wanawake hawakuulizwa, nao hawakusema.

"Utavifanyia nini, shemeji?" Redempta akasema. "Wewe hata gazeti unalifungia nyama."

Theodory akatabasamu. "Kuna bwana mmoja Dar es Salaam, Bwana Gabriel, anapamba hoteli mpya ufukweni. Vitabu vya ngozi anavitafuta nchi nzima. Anavinunua kwa futi."

"Kwa futi?"

"Kwa urefu wa rafu. Anavipanga mapokezi, wageni wa Ulaya wakae wajisikie kwao. Zile picha nzuri anazikata, anazitia fremu, anatundika vyumbani. Mpaka vyooni, kwa kweli. Maendeleo hayo."

Redempta aliwaona wale wanawake wa Parisi, na vikapu vyao, na mwendo wao wa kutoulizwa, wametundikwa juu ya choo wakitazama mgongo wa mtu. Kwenye msiba hakulia mbele ya Theodory, na leo pia alikataa kumpa hiyo faida.

Wazee wakanong'onezana. Mzee Rafaeli akagonga fimbo: mali ya marehemu humfuata mrithi, na vitabu vilikuwa mikononi mwa marehemu, kila mtu ameona. Vimfuate Theodory.

"Sawa," Redempta akasema.

Kikao kizima kikageuka kumtazama. Redempta kusema sawa ilikuwa kama mvua ya Agosti.

"Baba, niulize tu kwa ujinga wangu," akaendelea, amepiga goti kidogo mbele ya Mzee Rafaeli. "Mrithi anakalia kiti cha marehemu?"

"Anakalia."

"Na kiti kama kilikuwa na wageni wake?"

Mzee akajikuna kidevu. Kisha macho yake yakapata mwanga wa mtu aliyekumbushwa kitu kizuri, hasa chenye chai ndani yake. "Mrithi hurithi na wageni," akasema. "Hiyo ni ya tangu babu zetu. Marehemu kama alikuwa anapokea watu, mrithi atawapokea siku ileile, kwa kitu kilekile, hadi inywewe pombe ya kumaliza msiba. Kabla ya hapo hauzi, hagawi. Akiwafukuza wageni, huyo hakurithi. Ameokota."

"Na pombe ya kumaliza msiba ni lini, baba?"

"Ulezi ukivunwa."

Ulezi wenyewe ulikuwa bado haujapandwa.

Theodory akapiga hesabu zake kichwani, akaona wazee wawili watatu na birika la chai. "Tu?" akacheka. "Karibuni! Nyumba yangu ni kubwa kuliko hii."

"Nasi ndicho tulichokuwa tunaombea," Redempta akasema, "nyumba kubwa."

*

Wiki ile Redempta hakukaa. Alipita sokoni, akapita kwa wauza samaki, akasimama nje ya kanisa baada ya jumuiya. "Mmesikia? Viena imehamia kwa Theodory. Msimwache mfiwa peke yake, jamani, ni dhambi." Masanja alipeleka habari huko kwenye maboma, kwa sauti ile yake. Hata watu ambao hawajawahi kuona kitabu zaidi ya kile cha sala waliambiwa kuwa kuna mbwa, kuna chai, na kuna makochi.

Jumapili ilipofika, Redempta alivaa gauni lake la mazishi, akajipaka mafuta, akaenda kama mgeni. Mara ya kwanza maishani mwake. Aliingia sebuleni kwa Theodory, akapita zulia jekundu, akaketi kwenye kochi kubwa kuliko yote, lile lililofunikwa vitambaa vyeupe Kristiana alivyovifuma mwenyewe. Akanyoosha miguu.

"Dada, karibu," Kristiana akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu vikombe.

"Nimekaribia. Sukari kwangu vijiko vitatu, ndivyo marehemu alivyozoea kutupa."

Baada yake wakaingia wengine. Hellena na kigoda. Masanja na mabuti, na nyuma yake nduguze, na nyuma ya nduguze wake za nduguze wenye watoto mgongoni. Wauza samaki. Kwaya. Zulia likabadilika rangi. Waliokosa nafasi wakasimama madirishani wakiziba mwanga, kisha wakalalamika kwamba hawaoni.

Theodory alikaa kwenye kiti cha Alois, Viena mapajani, akafungua kurasa tatu kwa mpigo.

"Rudisha!" nyumba nzima ikapiga kelele.

"Nini?"

"Unapitaje watu bila kuwasalimu? Utepe uko darajani. Rudi darajani!"

Akarudi darajani. Picha ilikuwa ya mvua, magari ya farasi, bwana mmoja mnene mwenye mwavuli, na mto ukipita chini.

"Haya, daraja hilo. Mmeliona. Nigeuze?"

"Mbwa yuko wapi?" Hellena akauliza.

"Mbwa gani?"

Mtu mmoja dirishani akasema kwa masikitiko makubwa, "Jamani, mrithi hamjui mbwa."

Wakamweleza sheria. Mwenyeji asipoonyesha mbwa, ukurasa haugeuzwi. Theodory akainama, akatafuta farasi hadi farasi, akaonyesha kitu kwa kidole. "Huyu."

"Hilo gurudumu, shemeji," Redempta akasema kwa upole.

"Huyu basi!"

"Huyo ni askofu."

Walikunywa chai yote, wakala maandazi yote, wakaimba wimbo mmoja wa kumkumbuka marehemu, wakatawanyika jioni. "Tutaendelea Jumapili," kila mmoja akamwambia Theodory akimpa mkono. "Pole. Utampata tu."

Hakumpata. Kila mtu alijua mbwa wa darajani alipo, maana Alois alikuwa amewaonyesha Jumapili yake ya mwisho, kabla hajaanza kukohoa. Hakuna aliyemwambia Theodory. Jumapili zikafuatana, daraja ni lilelile, mvua ni ileile. Mashine ya kusaga, ambayo Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa ikipata wateja wa vijijini, ikanyamaza, kwa sababu mwenye mashine yuko Viena, na wateja pia wako Viena. Siku moja alijaribu kufunga mlango kwa komeo. Akasikia fimbo inagonga nje, ko, ko, ko.

"Theodory," sauti ya Mzee Rafaeli ikapita kwenye tundu la ufunguo. "Umerithi, au umeokota?"

Akafungua.

Redempta alicheka mbele za watu, lakini akifika nyumbani alikaa akitazama rafu tupu. Alikuwa amejinunulia muda tu. Ulezi ungepandwa, ungevunwa, pombe ingepikwa, kisha ile hoteli ingemeza kila kitu kwa futi.

Hoteli haikungoja ulezi.

*

Bwana Gabriel alifika Jumapili, katikati ya chai, na viatu vyake vya kung'aa vikakosa pa kukanyaga. Theodory alikuwa amemwita kimyakimya. Alifikiri akiuza moja kwa moja, ukoo utalalamika na kusahau, kama ulivyosahau mengine. Sasa akainuka, uso umemlegea.

"Ndivyo hivi?" Bwana Gabriel akauliza. Hakungoja jibu. Alitoa futi kamba ya fundi cherehani mfukoni, akaenda rafuni, akaanza kupima migongo ya vitabu. Parisi. Bruseli. London. Lisboni. Alikuwa akisoma namba kwa sauti, na watu wakamsikiliza kama wanaosikiliza mtu akipima jeneza. Kisha akamgeukia Theodory, akachukua Viena mapajani pake, akaigeuza. Akarudisha kichwa nyuma.

"Hiki kimevishwa nini?"

"Ng'ombe wangu," Masanja akasema.

"Hiki sikitaki. Kimeharibika." Akakiweka chini, juu ya zulia, kati ya vikombe. "Vingine vinafaa. Picha nazitoa hapahapa, majalada yasafiri mepesi. Nikuonyeshe zinavyotoka."

Akafungua Parisi mezani. Akapuliza karatasi laini. Ukurasa ulikuwa uleule wa mtaa uliotoka kunyeshewa, kama vile kitabu chenyewe kilizoea kufunguka hapo. Bwana Gabriel akatoa wembe kwenye karatasi yake, akaushika kwa vidole viwili.

Redempta hakukumbuka kuinuka kochini. Alijikuta amefika mezani, na kiganja chake, kile cha maharage na majembe, kimelala wazi juu ya wanawake wa Parisi.

"Kata," akasema.

"Mama, toa mkono."

"Sitoi. Umekuja na wembe kutoka Dar es Salaam, usiurudishe na njaa. Kata. Anzia kidole unachotaka."

"Mama, mimi ni mnunuzi tu."

"Na mimi ni mnunuzi. Tofauti yetu, mimi nilinunua kwanza."

Watu walikuwa wameacha kutafuna. Bwana Gabriel akatazama ule mkono, akatazama watu wa madirishani, akamtazama Masanja, aliyekuwa amesimama na kichwa chake kinagusa dari. Akamgeukia Theodory. "Uliniambia ni vyako."

"Ni vya kaka," Theodory akasema. "Yaani vyangu. Yaani, mimi ndiye mrithi..."

"Pombe ya msiba imeshanywewa?" Mzee Rafaeli akauliza kutoka kwenye kona yake, na hapo blanketi likamteleza begani. "Nimeinywa mimi nikasahau?"

"Baba, hayo ni mambo ya kizamani! Sasa ni biashara huria, mtu anauza chake!"

"Chako!"

Sauti hiyo haikuwa ya mzee wala ya Redempta. Kristiana alikuwa amesimama mlango wa jikoni, sinia mikononi, jasho linamtiririka, kanga imeloa mbele.

"Chako, Theodory? Tangu Agosti nachemsha chai ya mkutano wa injili! Vitambaa vyangu vimekuwa vya kufutia mabuti! Sukari tunakula kama tunafuga nyuki! Mpe shemeji yako vitabu vyake, watu hawa watoke nyumbani kwangu!"

"Vyake? Kikao kilisema..."

"Kikao kilisema! Kikao kiliniuliza mimi? Nilikuwa nateka maji siku aliyopita na yule beberu. Nikamuuliza, dada, unampeleka wapi? Akasema, nampeleka, nirudi na kitu kisichokufa. Nikamcheka. Jioni nikamwona na mzigo kichwani. Kaka yako usiku huo alikuwa wapi? Alikuwa kwetu hapa, analia na wewe kwamba kaoa kichaa!"

Wanawake wa madirishani wakapiga vigelegele. Kelele ilipotulia, Theodory alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, amejishika kichwa.

"Chukua vitabu vyako," akanong'ona.

"Sema tena, shemeji," Redempta akasema, mkono bado uko juu ya Parisi. "Baba Rafaeli masikio yake leo hayako sawa."

Mzee Rafaeli, ambaye alikuwa akisikia kunguru akibadilisha tawi, akaweka kiganja sikioni.

"Chukua vitabu vyako!"

"Vya nani?" nyumba nzima ikauliza.

"Vyako! Vyako, shemeji! Hata kiti chukua!"

"Asante. Vitakuwa vizito, na mimi ni mjane," Redempta akasema. "Gari lako litatubebea."

Bwana Gabriel alikuwa amekwisha kuuviringisha wembe wake. Wakampisha njia kwa adabu zote, na Hellena akampa andazi la safari.

*

*Wivu Hauna Tiba* iliingia Malangali polepole, Theodory kwenye usukani hamtazami mtu, nyuma yake Parisi, Bruseli, London, Lisboni, na kiti kimefungwa kamba. Viena Redempta aliishika mwenyewe mapajani, akimpapasa ndama manyoya. Watu walifuata kwa miguu wakiimba, na kila aliyeuliza njiani, "Mnatoka wapi?" alijibiwa na Redempta kutoka juu ya gari: "Hakukuhusu!"

Nyumbani, kiti kiliwekwa pale pale pa siku zote. Watu wakakaa. Wote wakatazama kiti, kisha wakatazamana, kila mwanamume akijaribu kuonekana kama mtu anayeweza kuombwa.

Redempta akakikalia.

Akaifungua Viena kwenye utepe. Akaweka kidole chini ya koti la yule bwana wa mwavuli, pale ambapo ncha ya mkia ilikuwa imetokeza, si ndefu kuliko ukucha. "Mbwa huyu. Salamu, mbwa. Umelowa miezi yote hii kwa ajili ya mjinga." Akageuza ukurasa. Wakaona bustani, na wanawake wamekaa kwenye mabenchi bila kufanya kazi yoyote. Wakapiga kelele za furaha, wakagombana, akawaonyesha mbwa nyuma ya chemchemi. Kisha akashika kona ya ukurasa mwingine.

"Mayu!" Masanja akashtuka. "Si ukurasa mmoja? Marehemu alisema mji hauliwi wote siku moja."

"Marehemu alikuwa ameshiba. Mimi nimekula makombo ya mji huu tangu ulipofika. Leo ni mbili, na nikijisikia ni tatu."

"Na chai? Kwa marehemu tulikuwa tunapata chai."

"Marehemu alikuwa na mke wa kumchemshia," Redempta akasema. "Mimi sina mke. Sufuria liko kule, Masanja. Kuni ziko nje."

Wakamcheka mpaka akavua mabuti akaenda. Moto ukamsumbua, moshi ukatoka jikoni kama kunachomwa matofali. Baada ya muda akasimama mlangoni, mwiko mkononi, macho mekundu, anajinyoosha huku na huku.

"Mayu, sioni! Kilemba cha Hellena kimeniziba!"

"Tazama kwa mgongo wa watu," Redempta akamwambia, bila kuinua kichwa kutoka Viena. "Mimi nimetazama hivyo miaka yote, na sikupofuka. Na usiunguze maziwa."